Mashimo ya Mboga Kenyamonta

Mwaka ule kiangazi kilipokaza, nilikuwa msimamizi wa bomba la kijiji chetu, huku Kenyamonta. Asubuhi nilifungua kufuli, mchana kutwa nikapanga foleni ya ndoo na kuamua ugomvi, jioni nikafunga. Kazi haikuwa na heshima kubwa, lakini ilinipa nafasi ya kuona. Mbele yangu ilipita barabara inayoelekea mtoni na kuvuka kwenda Nyangoto, kwenye dhahabu. Nyuma yangu kulikuwa na kiwanja cha kanisa, chenye mteremko, na ndani yake bustani ya akina mama.

Kiongozi wa bustani ile alikuwa mama mdogo, mke wa pili wa baba yangu. Mbele walipanda maua, nyuma mboga, na kwa uzuri hakuna bustani iliyoifikia katika kata yote. Siri yake haikuwa kubwa: ilikunywa maji ya bomba. Mwanamke alijaza ndoo moja ya nyumbani na moja ya maua, na mimi nilikuwa naangalia pembeni. Kiangazi kilipozidi, foleni ikafika barabarani, watu wakaanza kununa. Kamati ya maji ikakaa, ikaamua kwamba hata tone moja la bomba lisiingie tena bustanini.

Wakati huohuo rashi ilikuwa imewaka ng'ambo ya mto. Rashi ni pale habari inapovuma kwamba dhahabu imeonekana mahali, na watu wanamiminika huko na masululu kabla hata ya kuuliza vizuri. Mfanyabiashara mmoja alikuja akitaka kukodi kiwanja cha kanisa aweke karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wazee wa kanisa hawakumkubalia wala hawakumkataa. Walimwita mama mdogo, wakamwambia waziwazi: bustani ikiishi msimu mmoja bila maji ya bomba, kiwanja kitabaki cha akina mama. Ikikauka, kitakodishwa. Kamati ya maji ndiyo ingekuja kukagua.

Mama mdogo hakulia wala hakulalamika. Alikwenda kwa bwana shamba wa kata, akarudi na maelezo. Maji ya mvua yanayoteremka bure barabarani yangezuiwa palepale kiwanjani kwa mashimo ya kupandia: mistari ya mashimo yenye kina cha goti, kila moja likijazwa samadi na udongo wa juu, halafu likafunikwa kwa nyasi kavu. Shimo hunywa mvua na kuitunza. Lakini kazi hiyo haikuwa ya akina mama peke yao, kwa hiyo aliitisha mkutano.

Wafugaji waliahidi samadi. Shule iliahidi nyasi. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alisimama akasema, "Samadi mtapata. Ila ng'ombe wangu wakiona mchicha, mimi siwezi kuwafunga macho."

"Basi wafunge miguu," mama mdogo akamjibu, na mkutano ukafungwa kwa vicheko.

Shida ikawa ardhi. Ilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji. Akina mama walipigilia vigingi, wakavuta kamba ili mistari ikate mteremko, wakaanza kuchimba kwa majembe. Jembe lilidunda. Mpini ulivunjika, ukaletwa mwingine, nao ukavunjika. Nikiwa pale bombani nilikuwa nikigeuka kuwatazama, na kila nikigeuka naona ni mstari uleule. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Ilikuwa wazi kwamba mvua ingenyesha kabla ya mashimo kumalizika, maji yangeteremka barabarani kama kawaida, na karasha ingekuja.

Siku moja bodaboda ilisimama. Abiria alikuwa mchimbaji kutoka Nyangoto, ana vumbi hadi kwenye kope. Aliangalia vigingi, akaangalia kamba, akaangalia mashimo yanayolingana.

"Shikamoo mama. Mnachimba nini hapo?"

"Marahaba. Mboga," mama mdogo akasema.

"Mboga inachimbwa kwa kamba?"

"Hii inachimbwa kwa kamba."

Kijana akatabasamu kama mtu aliyeelewa jambo, akampiga dereva begani wakaondoka. Huko kwao watafiti wa dhahabu hufanya hivyohivyo: vigingi, kamba, mashimo madogo yaliyopangwa ili kuchukua udongo wa kupima. Na simu zilikuwa zimeshatufikia, kwa hiyo habari haikuhitaji kungoja bodaboda. Sikufikiria zaidi, nikaendelea na foleni yangu.

Kesho yake nilipofika kufungua bomba, nilidhani kuna msiba. Kiwanja kilijaa watu. Wengine walikuja kwa pikipiki, wengine kwa miguu, wana masululu, karai na mitaimbo. Kulikuwa na waliotoka Matongo, na hata vijana wawili waliokuwa wanaongea Kiswahili cha Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, wakiniita "bosi". Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya maua yake, mikono kiunoni.

"Wanangu, hapa hakuna dhahabu," alisema. "Haya ni mashimo ya mboga."

Wakacheka kwa adabu.

"Nawaambia ukweli mbele ya kanisa. Hakuna."

Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi kidogo, ambaye wenzake walimwita kamanda, akamjibu kwa upole: "Mama, hata kule kwetu wa kwanza alisema anachimba choo."

 Mama mdogo aliangalia masululu, akaangalia mawingu, akaangalia majembe ya wenzake yaliyolala bila mipini. Kisha akasema, "Mimi nimeshasema, na hawa wote wamesikia. Mkitaka kuhakikisha, hakikisheni. Lakini kiwanja kina sheria."

Sheria zake zilikuwa chache. Kila mmoja achimbe juu ya kamba, si pembeni. Asipite kina cha goti. Udongo mweusi aweke upande wa juu wa shimo, mwekundu upande wa chini. Na asikanyage maua.

"Na tukipata?" kijana mmoja akauliza.

"Ukipata, tunaita kikao. Usipopata, acha shimo langu kama lilivyo."

Kamanda akaona ni haki. Kwa kawaida mchimbaji huanza na sampo, yaani udongo kidogo wa kujaribia, kabla ya kwenda chini. Wakajipanga. Masululu yalipoanza kufanya kazi, nilisahau foleni. Ardhi iliyovunja mipini ya akina mama ilikuwa inafunguka kama ugali uliopoa. Wanawake walikaa kivulini pembeni mwa kanisa, wakiwa wameshika midomo ili wasicheke kwa sauti. Mmoja hakuweza, akaita, "Wewe wa shati jekundu, umetoka nje ya kamba!" Kijana akaomba radhi, akarudi.

Walipotaka kuosha sampo, walinijia na karai.

"Bosi, tupe maji kidogo."

"Maji ya bomba hayaingii kiwanjani," nikasema. "Ni amri ya kamati."

Wakamgeukia mama mdogo, wakitumaini atawatetea. Akatikisa kichwa. "Hata tone. Nikivunja sheria leo, nimejinyang'anya kiwanja mwenyewe."

Nilitegemea ugomvi. Badala yake kamanda alitoa dumu dogo la maji ya kunywa alilokuja nalo, na maji yale yakaosha sampo zote. Walitikisa karai moja, wakayachuja kwa kipande cha kitambaa, wakayamimina kwenye karai nyingine, wakasubiri tope litulie, wakaanza tena. Kwao maji hununuliwa kwa dumu, alinieleza kamanda, na anayemwaga hovyo hafukuzwi, anachekwa mpaka anaondoka mwenyewe. Akina mama walisogea kuangalia. Tangu siku ile maji ya kuoshea vyombo pale kwetu yalianza kuchujwa na kutulizwa kwa ajili ya miche ya nyumbani, si ya kiwanjani.

Kamanda aliangalia karai ya mwisho kwa muda mrefu. Akakaa chini.

"Mama," akasema, "hapa hakuna hata harufu."

"Nilikwambia ni mboga."

"Ulisema."

Nikaogopa hasira yao. Kisha kijana wa shati jekundu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea sululu lake, na kiwanja chote kikafuata. Akina mama walileta makande ya sufuria kubwa waliyokuwa wameinjika tangu walipoelewa mambo yanaelekea wapi. Watu wakala wakitaniana, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyempigia simu. Kabla ya kuondoka, kamanda aliuliza ni mboga gani hasa zingepandwa, kwa sababu kambini kwao walikuwa wanakula ugali na dagaa asubuhi na jioni. Mama mdogo akamtajia: mgagani, mnavu, sukuma wiki, kunde. Wakakubaliana palepale kwamba zikiwa tayari, bodaboda zitakuja kuzinunua.

Mvua ilikuta mashimo yote yana samadi na nyasi. Nilisimama chini ya paa la kanisa nikiangalia maji yakishuka kwenye mteremko, yakifika kwenye mstari wa kwanza na kuzama, yanayobaki yakifika mstari wa pili. Barabarani, ambapo kila mwaka paligeuka mto, palikuwa na unyevu tu. Halafu mvua ikakatika kwa majuma kadhaa, kama inavyotufanyia, na mahindi ya mashamba ya jirani yakaanza kujikunja majani. Mama mdogo alipita kila asubuhi akigusa mboga zake. Mwenye karasha naye alipita mara mbili na pikipiki yake, taratibu.

Kamati ilikuja kukagua. Mwenyekiti wake alikuwa mtu mgumu, ndiye aliyepitisha ile marufuku. Aliniuliza mbele ya wote, "Ndoo ngapi zimeingia humu?"

"Hakuna."

Hakuniamini moja kwa moja. Alipiga goti, akafunua nyasi, akaingiza mkono ndani ya shimo mpaka kwenye kifundo. Ulipotoka ulikuwa na udongo mweusi ulioshikana, wenye maji. Akaunusa. Akaenda shimo la mstari mwingine, akafanya vilevile. Mama mdogo alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Karasha itafute kwingine," mwenyekiti akasema. "Kiwanja ni cha akina mama."

Vigelegele vilipasuka mpaka ng'ombe wa barabarani wakashtuka. Mwenyekiti akainua ule mkono wenye tope kuomba utulivu.

"Sijamaliza. Pale bombani maji yanamwagika siku nzima, yanatengeneza tope tu. Nataka mashimo kama haya kuzunguka pale, yapandwe miti na maua. Msimamizi ataanza juma hili."

Nikasema ardhi ya pale imeshindiliwa na kwato na miguu ya kijiji kizima, labda tusubiri mvua irudi. Akina mama waliniangalia kwa furaha ambayo sikuipenda.

"Mura," mama mdogo akaniambia, kama tunavyowaita vijana kwetu, akiwa tayari ameinama kumchumia mwenyekiti fungu la mgagani, "jembe liko nyuma ya jiko. Njoo ulichukue kabla hujala."