Mtama Nilioanika Siku Tatu

Aibu hii nilitaka kufa nayo, lakini nyie ni watu wangu, wacha niseme, maana mpaka leo sijaelewa vizuri ilikuwaje jua la kwetu Mkata, hili linalokausha makopa ya muhogo mpaka yanalia kama vigae, lishindwe na vidudu visivyoonekana kwa macho.

Kikundi chetu cha akina mama kilitafuta mtu wa kutengeneza mbegu za uyoga, zile zinazooteshwa kwenye mtama, na kazi hiyo niliitaka mno, hata mama mkwe akanipa debe la mtama wake aliouweka wa kupanda (mama yule hatoi kitu hovyo). Mtaalamu wetu wa Korogwe alituagiza mtama ukishatiwa kwenye chupa upikwe kwa mvuke, ulale, kesho yake upikwe tena. Nikajiuliza, kuni zote hizo za nini? Nikauanika kwenye turubai siku tatu, nikaupika mara moja, nikapandikiza uyoga, nikatulia.

Siku ya kuonyesha nikafungua chupa ya kwanza mbele ya kikundi kizima, mama mkwe akiwemo, kwa madaha, ikatoka harufu ya uji uliochacha na mtama unateleza kama bamia, nikasema hiyo ni bahati mbaya tu, nikafungua ya pili, na ya tatu (sijui kwa nini sikuacha), mpaka wenzangu wakaziba pua kwa kanga. Nikamuuliza mtaalamu, aliyekuja kutazama, mbona niliuanika siku tatu?

"Bakteria wa udongoni wakiona shida wanajifungia kwenye ganda wanalala," akasema. "Ndani wamekauka, mionzi ya jua haiwaumizi kirahisi. Hata ikiwajeruhi, wakiamka wanajitibu."

Kumbe mpiko wa kwanza huwaamsha, wa pili ndio huwaua. Yaani mimi niliwaamsha, nikawaandalia chakula chenye unyevu, nikawafungia mlango ili wale kwa raha zao. Kazi akapewa mwenzangu palepale.

Njiani tukirudi nikamwomba mama mkwe msamaha.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mbegu za kupanda nitaomba kwa jirani."

Mama yule sikuwahi kumwona akiomba kitu kwa mtu. Sasa mtama wa uyoga wangu wa nyumbani naupika mara mbili, na jua nimeliachia nguo na makopa, ingawa hata makopa nayatazama kwa mashaka. Lakini mvua zikianza na yule jirani aliyetupa mbegu akipita na jembe, mimi huingia ndani.