Sumaku za Chebet juu ya jiko

Bila mimi, sayansi ya Kericho ingekuwa imelala. Msinibishie.

Mpwa wangu Chebet wa chuo kikuu aliniachia chupa ya sumaku ndogo kuliko vumbi. Anapima vile zinameza joto, ndio ajue nguvu zao zinabadilika aje.

Akaniambia, "Anko, zitunze kama mbegu."

Sasa mbegu ya mahindi kwetu inakaa wapi? Juu ya jiko, ipate moshi. Nyinyi mngeweka wapi?

Leo amekuja kuzichukua. Akaangalia juu, akaishusha chupa.

"Anko, moto umeziharibu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote."

Hakunigombeza. Alimaliza chai, akaosha kikombe, akaondoka na chupa mfukoni.

Ukweli ni huu: aliponieleza mambo ya joto, nilikuwa natikisa kichwa tu kama mtu anayeelewa. Niliona aibu kuuliza.