Lyamba Niliyoipanda kwa Mdomo Miaka Arobaini

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimewaambia watu kwamba nilipokuwa kijana wa miaka kumi na saba nilipanda Lyamba na mzigo wa samaki kichwani, toka Muze bondeni mpaka juu Ufipa, bila kulia wala kulalamika. Niliwasimulia wanafunzi wangu darasani. Niliwasimulia wanangu wanne kila walipodeka. Kuna mwaka niliisimulia hata kwenye harusi ya watu, kipaza sauti mkononi, mpaka mke wangu akanivuta koti. Sasa naomba mnisamehe, maana ilikuwa chuku tupu. Nilifika kwenye chemchemi, kama nusu ya njia, nikakaa chini nikashindwa. Juu sikuwahi kufika.

Kwa msiopajua kwetu: Lyamba lya Mfipa ni ule ukuta wa milima ambapo nchi ya Ufipa inakatika ghafla na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Juu kuna baridi, mahindi na ulezi. Chini kuna joto, mpunga na mbu wasio na adabu. Siku hizi kuna barabara, lakini zamani samaki wengi walipanda vichwani mwa watu kwa njia ya miguu, na njia hiyo bado ipo.

Safari yenyewe aliianzisha Skolastika, kitinda mimba wangu, ambaye ni nesi huko Mbeya. Alikuja kwetu Mpui likizo ya mwezi wa saba. Hata begi hajalitua, akasema, "Baba, safari hii nataka tupande Lyamba. Mimi na wewe."

"Kwa magoti haya?" nikacheka.

Yeye hakucheka. "Mwaka wa pili chuoni nilitaka kuacha, unakumbuka? Ukanipigia simu ukanisimulia Lyamba. Ukasema hata wewe ulitamani kuutupa mzigo, lakini hukuutupa. Baba, habari ile ndiyo iliyonimalizisha chuo. Nataka niione hiyo njia kwa macho yangu."

Jamani, ningesema nini? Mke wangu alikuwa anachambua maharage pale mlangoni, ananitazama. Nikisema siendi, nitaonekana mzee mvivu. Nikisema ukweli, binti yangu atajua kwamba amejenga maisha yake juu ya maneno ya mwongo. Nikafungua mdomo, na mdomo huu ninaujua, ukasema, "Twende! Kwani Lyamba ni nini?" Moyoni nikajipangia kwamba nikipanda kweli safari hii, uongo wangu utafunikwa na ukweli, na hakuna atakayejua lolote.

Jumanne, saa moja asubuhi. Tuliondoka Mpui kwa basi la Sumbawanga, baridi imekaza, kila abiria amejifunika shuka au koti. Skola alivaa viatu vya mlima vyenye kamba nyekundu. Mimi nilivaa raba zangu za shambani na sweta mbili. Sumbawanga mjini tulinunua viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na maji, kisha tukapata pikapu iliyokuwa inashuka Muze.

Saa nane mchana. Barabara ilianza kuteremka kwa kona kali, masikio yakaziba, na kila kona nilivua nguo moja. Ziwa Rukwa lilionekana mbali, jeupe. Nikaona ni vyema nijionyeshe mwenyeji. Nikamgusa Skola begani, nikamwonyesha mstari mwekundu uliopanda mlimani. "Njia yetu ile pale. Naikumbuka kama jana."

Dereva akageuka. "Mzee, ule ni mfereji wa mvua."

"Zamani ilikuwa njia," nikasema, na nikanyamaza mpaka Muze.

Saa kumi jioni, Muze. Tulifikia kwa Mama Oresta, mjane wa mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba, shingo imenyooka. Mama huyu alibeba samaki kupanda Lyamba tangu usichana hadi alipopata wajukuu. Nilikuwa nimesahau kabisa jambo hilo, la sivyo ningefikia kwa mtu mwingine.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni, karibuni. Na huyu ndiye nesi? Mungu ni mwema."

Alitupikia wali wa Muze na perege wa kukaanga, tukala uani jua likiwa bado halijazama. Skola, maskini, kwa kujivunia baba yake, akaanza kuisimulia ile habari yangu neno kwa neno, hata vituo vya kupumulia pumzi nilivyovitia humo. Mama Oresta akasikiliza akitabasamu. Halafu akaniuliza taratibu, "Mwalimu, mzigo wako ulikuwa unautua wapi ukichoka?"

"Chini," nikasema. "Natua chini, napumzika, naendelea."

Mama Oresta akaacha kutafuna. Akanitazama, akamtazama Skola, kisha akanisogezea bakuli. "Haya, Mwalimu. Ongeza wali."

Nilijua nimekosea, ila sikujua nimekosea nini.

Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tulikunywa chai ya maziwa. Nilipokuwa nafunga kamba za raba nilimwona Mama Oresta amemshika Skola mkono pale jikoni, anamnong'oneza. Nikauliza ni nini. "Mambo ya wanawake," akanijibu, akatusindikiza hadi mwisho wa mashamba ya mpunga.

Mwendo wa kwanza ulikuwa mzuri. Njia ilipita kwenye miti mifupi, mawe madogo yakiteleza chini ya nyayo. Skola alitaka kunibebea begi nikamkatalia. Nilipiga soga, nikaimba hata nyimbo za kanisani. Hadi saa mbili shati lilikuwa limeloa chapachapa na nyimbo zimekwisha. Magoti yalianza kunong'ona, kisha yakapiga kelele waziwazi.

Saa tatu, kwenye chemchemi. Niliijua mara moja. Maji yanatoka chini ya mwamba na kukusanyika kwenye kishimo kisichozidi beseni. Skola akainama kunywa. Mimi nikasimama pale pale nilipokaa nikilia nikiwa na miaka kumi na saba. Kutoka hapo kwenda juu, nilikuwa mgeni kama yeye.

Mbele ya chemchemi njia iligawanyika. "Ipi, Baba?"

Nikatazama. Ya kushoto ilikuwa pana. "Hii," nikasema bila kupepesa.

Tukaenda karibu saa nzima. Ile njia ikapungua, ikawa ya mbuzi, kisha hata mbuzi wenyewe wakaikimbia. Tukajikuta ubavuni mwa mlima penye changarawe tupu, na chini yetu korongo. Nilinyanyua mguu wa kulia, wa kushoto ukateleza, nikaanza kwenda na mawe. Nilimwita Mama Maria kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Muze. Skola akanidaka mkanda wa suruali, akajitupa chini kwa nyuma, akanivuta kwenye kichaka cha majani makavu. Tukakaa tukihema, kiwiko changu kinatoka damu.

Akanifunga kitambaa. Alipomaliza akaniuliza, "Baba, hii njia unaijua?"

Ningeweza kuongeza uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari mdomoni: mvua zimeibomoa njia, miti imeota, macho yamezeeka. Lakini alikuwa amejitupa chini ili kuniokoa, na mimi ndiye niliyemleta pale.

"Siijui," nikasema. "Sijawahi kupita pale kwenye chemchemi. Niliishia pale, Skola. Nilikaa chini nikalia. Shangazi yako Leokadia, niliyekuwa naye, akauchukua mzigo wangu akaupandisha juu ya mzigo wake, akapanda na yote miwili. Mimi nikateremka, nikarudi nyumbani baada ya siku mbili kwa lori la watu. Hajawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nikisimulia mbele yake, ananiuliza tu kama nataka ugali mwingine. Mpaka amekufa hajasema."

Skola akageuza uso. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye vumbi. "Ningekuwa nimeacha chuo, Baba. Ile simu ndiyo iliyonibakiza. Nilikuwa zamu usiku kucha naiwaza miguu yako."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi chuo nilikwishamaliza," akasema, na sauti yake ikawa ile ya wodini, isiyobembeleza mtu. "Nilipanda ya kwangu mpaka juu. Kwa hiyo aliyebaki ni wewe. Inuka."

"Skola, magoti..."

"Magoti nitayachua tukifika. Inuka, Baba. Hiyo habari haiwezi kubaki uongo."

Saa tano kasoro. Tulirudi kwenye chemchemi tukitambaa zaidi kuliko kutembea. Hapo ndipo Skola aliponieleza alichonong'onezwa jikoni. Kwenye Lyamba hakuna anayetua mzigo chini, maana ukiutua nani atakutwika tena? Wabebaji wanauegesha kwenye mawe yaliyo usawa wa bega, wanapumua wamesimama, kisha wanaingiza kichwa chini ya mzigo na kuendelea. Mama Oresta alimwambia, "Mkipotea, tafuta mawe hayo. Usimwambie baba yako kabla ya hapo." Kumbe yule mama alinijua tangu kwenye wali.

Skola akatangulia kwenye ile njia nyembamba ya kulia. Hatua hamsini hivi, akapiga kelele: "Hili hapa!" Jiwe lilikuwa usawa wa bega langu, na juu yake pamelainika kwa kuegeshewa mizigo miaka na miaka. Nikaweka kiganja changu pale. Leokadia aliegesha hapa mizigo miwili, mmoja ukiwa wangu.

Kuanzia hapo tulipanda kwa mawe. Skola anatangulia, analitafuta jiwe, ananiita. Nami nafika, naegemea, nahema, yeye ananipa maji kidogo na kiazi. Jua lilikuwa kali na hakuna kivuli. Kwenye jiwe la sita msuli wa paja ulikaza mpaka nikang'ata kofia. Akanichua kwa vidole vya chuma. Nikamwambia, "Wagonjwa wako wana shida." Akaniambia, "Wanapona." Kwenye jiwe la tisa nilisema nimefika mwisho wangu, na nilikuwa sisemi mzaha. Skola akaja akasimama mbele yangu, akaniambia nishike begi lake mgongoni, nisitazame juu, nitazame visigino vyake tu. Nikatazama zile kamba nyekundu. Nikahesabu hatua ishirini, nikasimama, nikahesabu tena ishirini.

Saa tisa na dakika kumi. Upepo ulinipiga usoni, wa baridi, wenye harufu ya nyasi za kwetu. Nikainua macho. Mbele hapakuwa na mlima tena. Palikuwa na nyasi, ng'ombe watatu, na shamba la ulezi lililovunwa.

"Baba," Skola akasema, "umefika."

Loo! Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakakimbia. Nilirusha kofia, nikamkumbatia binti yangu, nikarukaruka kwa magoti yale yale. Bonde lote lilikuwa chini yetu, na Muze ni vibati vinavyong'aa tu. Kisha nikageukia korongo nikaita kwa nguvu zangu zote, "Leokadia! Dada! Nimefika!" Hapo nikalia sana bila kuona haya, na Skola akalia nami, akicheka wakati huo huo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya kustaafu kwangu.

Kurudi. Kutoka kijiji cha kwanza tulipanda bodaboda mbili hadi Sumbawanga, tukalala kwa ndugu, na Alhamisi mchana tukawa Mpui. Kushuka kwenye basi nilisaidiwa na watu wawili. Mke wangu alinikalisha na kuniletea maji ya moto ya miguu. Akauliza, "Haya, imekuwaje?" Nikamwambia yote, tangu mwanzo.

"Na ile harusi?" akauliza.

"Na ile harusi."

Akapiga makofi, akaingia ndani, hakunisemesha mpaka chakula. Alipokuja na ugali aliniwekea kipande kikubwa cha nyama, nikajua nimesamehewa.

Niliyojifunza ni mawili. Kwanza, mtu wa miaka sitini na mitatu anaweza kupanda Lyamba akitanguliwa vizuri. Pili, nilidhani nikifika juu nitaufunika ule uongo, kumbe nilipofika sikutaka tena kuufunika. Ulikuwa umekuwa mzito kuliko samaki.

Jumapili, baada ya misa, wanaume walinizunguka nje ya kanisa, wengi wao niliwafundisha. Mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, tumesikia umepanda Lyamba kwa mara ya pili! Chuma!"

Skola alikuwa amesimama kando yangu. Hakunitazama, hakunisukuma.

"Si mara ya pili," nikasema. "Ni ya kwanza. Ile ya zamani aliyepanda ni dada yangu Leokadia, na mzigo wangu aliubeba yeye."

Yule yule akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hiyo, Mwalimu, ulikuwa unatudanganya?"

"Nilikuwa nawadanganya."

"Na tutajuaje kwamba safari hii kweli umepanda?"

Skola akanishika mkono. "Amepanda," akasema. "Mimi nilikuwa mbele yake."