Ikone ya Ng'ombe

Mama mwenye sekretaria, kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, pale Mweso huanza siku kwa kufuta skrini ya kompyuta kwa ncha ya kitenge. Kisha anazipanga upya ikone, zile picha ndogo za chini ya skrini, ambazo wateja wamezivuruga jana: ya kuandika, ya picha, ya kuchapa. Mkono wake unakwenda polepole, kama wa mtu anayemkamua ng'ombe aliyekauka maziwa. Ya mwisho ilikuwa na kichwa cha ng'ombe. Mumewe Delphin aliiweka mwenyewe. Tangu aende Walikale na diski ya nje yenye faili zake, hajarudi, na ikone imegeuka karatasi nyeupe isiyofungua kitu. Leo nilipokuja kuchapa barua nikamwambia, "Mama, tuitoe hii, iko inajaza nafasi bure." Akapiga miayo. "Iache tu, kaka. Siku atarudi na ile diski, atafungulia wapi?"