Ukuta wa Jirani Kwenye Njia ya Maji

Leo nimecheka mvua ikinyesha, na siombi radhi.

Jirani yetu hapa Milanzi alijenga ukuta katikati ya njia ya maji. Mafuriko yakageukia jikoni kwa mama yangu.

Nikamwonyesha jirani picha za setilaiti, ndiyo kazi yangu, mkondo unaonekana wazi kabisa. Akanicheka mbele ya mafundi: "Binti, kapige picha za harusi!"

Mchana huu maji yameangusha ukuta, yakaingia sebuleni kwake. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu.

Kaja amelowa chapachapa.

"Mwanangu, ile picha bado unayo? Nijue pa kujenga upya."

"Shikamoo baba. Nilishampa mwenyekiti wa mtaa. Pale hujengi tena."

Mama kamkaribisha chai. Mimi nimemkabidhi tambara la kudekia.

Nimekosea jamani?