Ukaguzi wa Maji Mafu

Kontrakta alitualika tukakague ukuta wake Jumanne asubuhi. Usiku nilipousoma ujumbe huo nilichungulia dirishani, nikauona mwezi umekatika nusu, nikacheka peke yangu. Mwezi ukiwa nusu bahari hulala. Ndiyo maji mafu. Siku hiyo hata ukuta wa biskuti ungesimama.

Mimi ni mmoja wa wakaazi waliochaguliwa kufuatilia fedha za ujenzi katika miradi ya mazingira. Nilichaguliwa kwa sababu nimesoma chuo kikuu na, kama asemavyo jirani yangu wa Ndia Kuu anayewauzia watalii vinyago, kwa sababu sina kazi ya maana. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza: malipo ya mwisho hayatoki mpaka tuseme tumeona. Ugumu uko kwenye kuona.

Mradi huu ulikuwa kitalu cha mikoko ukingoni mwa bahari, upande wa Tudor. Kikundi cha akina mama kingeotesha miche katika vifuko vya udongo, na ukuta ungezuia maji makubwa yasivizoe. Kontrakta akishalipwa anakwenda zake. Ukuta unabaki na akina mama, na ila zake zote.

"Karibu, daktari," alinipokea. Mimi si daktari. Tasnifu yangu ilifia sura ya tatu, naye ajua, maana ni mtoto wa mji. "Waona? Maji yamejaa na ukuta haukuguswa."

"Yamejaa, lakini ni maji mafu. Tutarudi bamvua."

"Bamvua! Shekhe, wakagua ukuta au wenda kuvua?"

Afisa wa mradi, mtu wa bara, muungwana, alishusha kamera yake akauliza bamvua ni nini. Nilimweleza: mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, bahari hupanda kuliko siku nyingine zote. Akauliza mbona basi tumeitwa leo. Kontrakta akawa anaufuta ukuta vumbi.

Aliyenishinda ni mwenyekiti wa akina mama, mkaazi wa Tononoka. Alinivuta kando.

"Kakangu, mbegu za mikoko ziko ndani ya ndoo, zishaanza kutoa mizizi. Mradi usipopitishwa hatupewi ufunguo wa kitalu. Wewe wangoja mwezi, mimi mbegu zanifia."

"Niletee hizo ndoo," nikasema. "Kwangu bahari iko karibu, nitazibadilishia maji mpaka bamvua."

Ndipo ngazi za nyumba yangu zilipojaa ndoo, nami nikawa mtu wa kuteka maji ya chumvi asubuhi na jioni, suruali imekunjwa hadi magotini. "Siku hizi wauza achari?" jirani wa vinyago aliuliza. Kontrakta naye alinipigia simu kila siku kunikumbusha kwamba akina mama wanateseka kwa ajili yangu. Hilo lilinichoma, maana halikuwa uongo. Nilikata simu, nikaenda kubadili maji.

Mwezi ulipopevuka tulirudi alasiri. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kupanga nyuma ya ukuta vifuko vya udongo mtupu. Bahari ilikuja bila haraka. Ilifika ukutani, ikapanda, ikaipata pembe iliyojengwa chini kuliko kwingine, ikamiminikia ndani. Vifuko vilipinduka, vikamwaga udongo, vikaelea, vikazunguka kidogo kama wageni wasiojua mlango, kisha vikaondoka na maji. Afisa alivua viatu akavishika mkononi.

"Leo yamezidi," kontrakta alisema.

"Yamezidi wapi, mwanangu?" mwenyekiti akamjibu. "Hii ndiyo bahari yetu. Ulitujengea nyingine?"

Akachukua kalamu ya afisa na fomu ya ukaguzi. Palipotakiwa sahihi ya watumiaji aliandika neno moja: *Bado*. Nami nikatia sahihi yangu chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyelowa.

Kontrakta alikubali kuinua ile pembe kabla hajalipwa. Afisa alipouliza turudi lini, kontrakta alifungua mdomo, lakini mwenyekiti alimtangulia. "Mwezi ukiandama. Alasiri kama leo, maji yakiwa na hasira zake." Kisha akanigeukia.

"Na mbegu zangu?"

"Zimetoa majani."

"Basi usizichoke. Kesho nakuletea ndoo nyingine."