Ndege wa Upande wa Kusini

Nilipokuwa mtoto, katika mwaka wetu wa kwanza Stockholm, nilimzungusha bibi yangu ufukweni asubuhi na mapema ili asife. Mpaka leo, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe, sijui kama nilifanya jambo la maana au la kipuuzi.

Tulikuwa watatu: mama, bibi na mimi. Tulitoka Kigoma tukapewa nyumba Bredäng, ghorofa ya sita, na baridi ikatufungia humo miezi mitano. Mwezi wa nne bibi aliambiwa ana uvimbe tumboni, na lazima apasuliwe katika hospitali ya Flemingsberg. Mama alianza kulia bafuni, akifungulia maji ili tusisikie. Tulisikia.

Wiki hizohizo mwalimu wa darasa letu la wageni alichora nyumba ubaoni, na ndege kila upande. Alisema kuna ndege anayekuja majira ya kuchipua, anaitwa gök, na wazee wa Sweden walikuwa wakisikiliza sauti yake ya kwanza inatoka upande gani, wajue mwaka utawaletea nini. Pembeni mwa ndege wa magharibi alichora moyo. Pembeni mwa yule wa kusini alichora msalaba wa kaburi. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwetu bundi akilia juu ya paa hakuna anayecheka. Nilidhani kila nchi ina ndege wake, na huyu ndiye wa hapa. Nilikuwa mtoto wa haya na Kiswidi changu hakikutosha kuuliza swali, basi nikaenda na hofu yangu nyumbani.

Siku ya Kupaa, kanisa letu la Kiswahili lilialikwa na Waswidi wa kijiji kimoja cha pwani, mwisho wa treni. Wao siku hiyo huamka alfajiri kwenda kumsikiliza ndege huyo, wakiwa na chupa za kahawa na mikate mitamu. Nilipoelewa tunakwenda kusikiliza nini, nilimwambia mama tumbo linaniuma. Akanipa chai ya tangawizi, tukaenda.

Sikutegemea kwamba ningepapenda. Wazee walikuwa wameegemea ukuta wa banda la boti, wamefumba macho, nyuso wameziinulia jua kama watu wanaonyolewa ndevu. Watoto walivua soksi, wakachovya vidole majini na kuvitoa wakipiga kelele. Mwanamke mmoja alimwonyesha bibi kwa mikono kwamba yale majani yanayowasha hupikwa supu, na bibi akayachuma, akiyashika kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Kumbe wanajua mboga," alisema. "Nilidhani wanakula viazi tu."

Akakaa juu ya jiwe, jua likiwa mbele yetu juu ya bahari. Sikio lake la kulia lilikuwa limeziba tangu zamani. Mimi nilikuwa upande huo. Ndipo nikasikia, mkono wetu wa kulia, ng'ambo ya ghuba ndogo, sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini, tena na tena. Jua la asubuhi likiwa mbele, kulia ni kusini. Hilo nilifundishwa Kigoma.

Watu walinyamaza, wakatabasamu. Bibi alikuwa anakunja majani yake, hakuinua kichwa. Nikaona hajasikia, bado kuna nafasi. Nikamshika mkono.

"Bibi, twende tutembee."

"Kwa magoti gani?"

"Kidogo tu."

"Mke mwenzangu, unanipeleka kwa mume gani asubuhi hii?"

Hivyo ndivyo alivyoniita kwa utani. Tukafuata njia ya mawe kuzunguka ghuba. Mimi, nisiyeongea, niliongea bila kupumua ili asimsikie ndege. Nikamhesabia boti, nikamwimbia nyimbo mbili za kanisani. Tukaupita msitu alimokuwa ndege mpaka kwenye ncha ya ardhi, jua mbele yetu na miti mgongoni. Hapo nikanyamaza. Ndege akaita nyuma yetu, magharibi.

"Kuku wao wanalala juu ya miti?" bibi akauliza.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tulipokuwa tunarudi ndipo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilimsikia kusini.

Jumatatu bibi alipasuliwa, akapona. Mama alisema ni maombi. Kiangazi chote nililala nimeshika nguo ya bibi, nikisubiri zamu yangu. Mwezi wa nane, tukimenya viazi, aliniuliza ninaogopa nini. Nikamweleza yote, hata msalaba wa ubaoni.

Alimaliza kumenya kiazi alichoshika kabla ya kujibu.

"Nilimsikia," alisema. "Sikio limeziba moja tu."

"Yule wa kusini?"

"Nitajuaje kusini? Nilisikia ndege, nikakuona umeshtuka. Nikasema nimfuate huyu mtoto anakotaka kunipeleka, moyo wake utulie."

"Sasa itakuwaje?"

"Kusini si ndiko kwetu? Labda alikuwa anatusalimia. Menya viazi."

Aliishi miaka tisa zaidi, kisha akaomba kurudishwa Kigoma, akafia huko, kusini kweli. Nikilitazama hivi, naona mwalimu alichora sawa. Nikilitazama vile, naona ndege aliyechelewa miaka tisa hana habari na mtu. Mama ananiambia niache mambo ya ndege nisali. Nasali. Lakini kila mwezi wa tano dirisha letu la kusini silifungui mpaka nimsikie ndege upande mwingine, na kuna miaka simsikii kabisa, tunakaa na joto.

Mwaka huu nilimpeleka binti yangu wa miaka sita kwenye kijiji kilekile. Wazee wengine, ukuta uleule. Alikuwa anakula aiskrimu ya kwanza ya mwaka, ndege akaita kutoka ng'ambo ya ghuba. Sikufikiri. Nilimshika mkono wake unaonata, nikaanza kuimba.

"Vart ska vi?" aliniuliza, tunakwenda wapi.

"Tunatembea tu."

Alinitazama usoni kwa muda, akaacha hata kulamba aiskrimu yake. Kisha akanifuata bila kuuliza tena. Kama alimsikia ndege, sijui. Wala sijui ni nani kati yetu aliyekuwa anamtuliza mwenzake.